Nyumba Hii Haiuzwi

Wiki jana tulimwacha Kanyiva langoni pake Kinoo, funguo mkononi, mnunuzi nyuma yake, na mbele yake maneno matatu ya rangi nyekundu ambayo ilikuwa haijakauka.

NYUMBA HII HAIUZWI.

Jumbe zenu nimezipata. Wengi mmeshamhukumu Musili, mumewe. Wengine mnasema ni benki. Kuna mmoja wa Kawangware anayesema ni majini. Tulieni basi, tusome.

"Hii ni nini, madam?" Ogutu aliuliza.

Ogutu ana duka la rangi na mabati River Road. Tangu bei za nyumba zianguke, anazunguka akinunua za watu waliolemewa na mikopo. Simsemi kwa ubaya. Anakuja mchana, anabisha hodi, na analipa.

"Ni watoto tu wanacheza," Kanyiva alisema.

"Watoto wa hii mtaa wako na mwandiko safi."

Kila mtu wa Nairobi anajua neno hilo. Huandikwa ukutani kuwafukuza matapeli wanaouza mali ya watu. Mnunuzi akiliona hujua mambo ni mawili: ama muuzaji ni tapeli, ama ndani ya nyumba hiyo kuna watu wanaovutana mashati.

"Kuna nyumba nilinunua Kikuyu ikiwa na hii neno," Ogutu alisema huku akifungua mlango wa gari. "Mwenye kuuza akaniambia ni watoto. Mpaka wa leo naenda kortini."

"Mzee Ogutu, tafadhali. Mnada ni kesho!"

"Najua. Niko duka mpaka saa kumi, na lawyer wangu ako hapo juu. Niletee mwenye aliandika, aniambie na mdomo yake kwamba inauzwa. Ukikosa, tupatane kwa mnada. Huko angalau bei inafanana na shida."

Gari likaondoka. Kanyiva alibaki ameshika lango, na alipotoa mkono, kiganja kilikuwa chekundu.

Kwa nini alishtuka hivyo? Nyumba ni nyumba, mtasema, aiache iende akapange kwingine. Ingekuwa hiyo peke yake, hata mimi nisingewasumbua nayo wiki zote hizi. Lakini nyuma ya mkopo wa nyumba ya Kinoo kulikuwa na shamba la Mbooni, kule Ukambani, la mama yake, alikozikwa baba yake. Benki ilikuwa imeshika vyote viwili. Kwa bei ya Ogutu, mkopo ungeisha na shamba lingepona. Kwa bei ya mnada, nyumba ingeenda na shamba lingeifuata.

Na mama hakujua lolote.

*

Kanyiva aliingia ndani kwa kishindo.

"Musili! Onyesha mikono!"

Musili alikuwa mezani na chai yake, shati la kazini bado halijafungwa vifungo. Aliinua mikono. Ilikuwa safi.

"Unadhani ni mimi? Si nilisaini karatasi zote jana mbele ya yule lawyer?"

"Ulisaini ukinuna."

"Nisinune? Nani alikuwa anasema Woodley ni ya wazee? Tulikuwa tunapanga nyumba ya council, tuna kauwanja, rent ya huruma. Ukaona wenzako wa ofisi wamehamia Kinoo, ukaanza 'hata sisi, hata sisi'."

"Na wewe si ulileta agent mpaka kwa sitting room?"

"Agent alisema nyumba haiwezi shuka bei Nairobi! Kila mtu alisema! Hata redio!"

Hivyo ndivyo walivyokuwa wakiishi tangu benki ianze kupiga simu. Asubuhi kosa ni la ajenti. Mchana ni la benki. Jioni, wakishakula, ni la serikali. Kila mmoja wa hao alikuwa na sehemu yake na siwatetei, maana nimeona ukoo mzima ukibeba vitanda mvuani kwa ajili yao. Lakini hakuna ajenti aliyempandisha Kanyiva gari la Mbooni kwenda kumdanganya mamake. Huko alikwenda mwenyewe, kwa hiari yake, na mkate wa zawadi mkononi.

"Hodi!" Ilikuwa Jacklyne, jirani wa lango la pili. Mkononi alishika mkebe mtupu wa rangi na brashi iliyoganda. "Mama Ndanu, hii imetupwa kwa fence yangu. Ni yenu?"

Kanyiva aliunyakua mkebe. Ubavuni ulikuwa na karatasi ya duka: jina la Ogutu, River Road, kwa herufi kubwa.

Damu ilimpanda kichwani.

"Ni yeye," alisema. "Ameandika mwenyewe halafu akajifanya ameshtuka! Anataka ainunue kesho kwa mnada, kwa bei ya kutupa!"

"Kanyiva, ngoja kwanza..." Musili alianza.

Hakungoja. Wanawake kama Kanyiva hawangoji wakishapata mtu wa kulaumu. Aliondoka na mkebe chini ya kwapa, akasahau hata kufunga lango.

*

River Road ilikuwa imefurika kama kawaida. Kanyiva alipita katikati ya mikokoteni na watu wa kubeba mizigo, akasukuma mlango wa duka, na kuupiga mkebe juu ya kaunta.

"Mwizi wewe! Ulifikiri sitajua?"

Ogutu aliinua macho kutoka kwa hesabu zake. Aliutazama mkebe, kisha akamtazama mteja aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya kaunta.

"Huyu ndiye alinunua hiyo mkebe," alisema. "Na amerudi kuchukua ingine."

Kanyiva aligeuka.

Mteja alikuwa mwanamke wa makamo, kitambaa cheupe kichwani, kiondo mapajani, sweta la buluu ambalo Kanyiva mwenyewe alilinunua Krismasi. Kucha zake zote zilikuwa nyekundu, na si rangi ya kucha.

"Mwaitu?" Kanyiva alisema. Ndivyo Wakamba humwita mama.

"Kanyiva! Mungu ni mwema. Simu yako imekufa?"

Simu haikuwa imekufa. Alikuwa ameizima kwa sababu ya watu wa kudai. Lakini hilo angelisemaje?

Mama alimshika mkono, akamketisha, akaanza kueleza upesi upesi kama mtu aliyebeba habari hiyo kwa njia nzima.

"Watu wamekuja nyumbani. Wanaume wawili na kamba ya kupima. Wanapima shamba letu kutoka kwa barabara mpaka kwa kaburi ya baba yako. Nikawauliza, hawasemi. Nikajua ni matapeli. Nikaja kununua rangi, kwa sababu watu wa huko wanasema ukiandika 'haiuzwi' wanaogopa. Nikasema kwanza nifike kwako nikuambie."

"Ulifika kwangu?"

"Jana mchana. Hakuna mtu. Nikakuta kijana kwa gate anaonyesha watu nyumba yako! Anasema inauzwa! Nikasema hawa ni wale wale, wametoka Mbooni wakakufuata mpaka huku. Nikalala kwa dada wa kanisa Uthiru, na asubuhi nikaenda nikaandika. Rangi ilikuwa ya shamba, lakini nikaona yako ndiyo ina haraka." Alicheka kidogo, akiona haya. "Imeisha yote. Nimerudi kununua ya shamba sasa."

Msomaji wangu, hapo ndipo penye uchungu. Mama alikuwa ametumia rangi ya shamba lake kuilinda nyumba ya mtoto, na kwa kuilinda nyumba hiyo alikuwa analiangusha shamba. Kuna mtu mmoja tu ambaye angemwambia, naye alikuwa ameketi pale anaangalia sakafu.

Ogutu alikohoa.

"Mama, mimi ndio nilikuwa nataka kununua hiyo nyumba. Kwa njia ya halali, na msichana wako. Niambie wewe. Inauzwa ama haiuzwi?"

Mama alimgeukia Kanyiva. Macho yake yaling'aa, hayakuwa na wasiwasi hata kidogo.

"Inauzwa?"

Hapa Kanyiva angeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

"Inauzwa, mwaitu," alisema, akatabasamu. "Tunataka kuhamia kubwa zaidi. Nilitaka kukushtua."

Tazama alivyo mwepesi! Na uongo wenyewe ulifanya kazi. Mama alipiga makofi, akamshukuru Mungu, akamwambia Ogutu samahani sana, akasema kwa mdomo wake kwamba nyumba inauzwa na Mungu akibariki wakae vizuri. Ogutu alimwita wakili wake kutoka ghorofani. Mkataba uliwekwa juu ya kaunta. Sahihi ya Musili ilikuwepo tayari tangu jana. Kanyiva alipokea kalamu.

Kidogo tu, na angekuwa amepona bila kutubu.

"Na rangi bado unataka, mama?" Ogutu aliuliza.

"Nataka. Hao wa kupima wakirudi wakute nimeandika."

Kalamu ya Kanyiva ilisimama. Mkono wa Ogutu pia ulisimama, hewani, juu ya mkebe. Alikuwa amenunua nyumba nyingi za watu walioshikwa koo, na alijua ni akina nani hupima mashamba kwa kamba na wasiseme kitu.

Alimvuta Kanyiva pembeni, karibu na mabomba.

"Benki iko na shamba ya huyu mama?"

Kanyiva aligeuza uso kwenye mabomba.

"Sikujua umefinywa hivyo," Ogutu alisema polepole. "Sasa bei ni ingine." Akamnong'oneza bei mpya.

"Hiyo haitoshi! Shamba itaenda!" Kanyiva alinong'ona.

"Na kesho itaenda pia, kwa bei mbaya kuliko hiyo. Mimi ni mtu wa biashara, madam. Sikukutuma kwa benki."

Hilo la mwisho lilimpata Kanyiva mahali ambapo matusi ya Musili hayakuwahi kufika. Ni kweli. Hakuna aliyemtuma. Alirudi kwenye kiti cha mama, akapiga magoti sakafuni, kwenye vumbi la saruji.

"Mwaitu, hao si matapeli."

"Nani?"

"Wenye walipima. Ni wa benki."

Mama alimtazama kwa makini, kama anayesubiri sehemu ya mzaha.

"Unakumbuka tulienda kwa bodi ya ardhi?" Kanyiva aliendelea. "Nikakuambia ile karatasi ni ya kuonyesha benki kwamba nina kwetu?"

"Nakumbuka. Chairman aliniuliza mara mbili kama nimekubali. Nikasema ndiyo kwa sauti. Nilifurahi. Mtoto wangu ananunua nyumba Nairobi, na wanataka kujua ana kwao."

"Ile haikuwa ya kuonyesha. Ile ilikuwa ya kuweka shamba. Nikishindwa kulipa, wauze nyumba, na isipotosha, wauze shamba. Mnada ni kesho, na huyu sasa ameshusha bei ya asubuhi, haitoshi. Nilijua, mwaitu. Nilisomewa na nikaelewa. Nilifikiri haitafika huko. Kila mtu alikuwa anasema bei inapanda tu, nikafikiri utakufa bila kujua na hakuna kitu kitaharibika."

Alijisikia akilisema neno "utakufa", na akatamani kulirudisha.

Mama alikivuta kiondo mapajani. Wakili alijifanya anasoma mkataba. Nje mtu alikuwa akiita wateja wa mabati.

"Na kaburi ya baba yako," mama aliuliza mwishowe, "uliiweka ndani ya hiyo karatasi, ama uliiacha nje?"

"Shamba lote, mwaitu."

Mama aliinamisha kichwa akaziangalia kucha zake. Kanyiva alingoja kofi. Alilitamani hata. Halikuja.

Badala yake mama aliinuka, akakiweka kiondo begani, akamwendea Ogutu.

"Wewe ulimwambia bei gani asubuhi?"

"Mama, hiyo ilikuwa kabla..."

"Ulikuwa mgonjwa asubuhi?"

"Hapana."

"Ulikuwa umelewa?"

"Silewi, mama."

"Basi sikia. Mimi nimeuzia mabroka maembe na ndengu miaka yote, na najua broka akinusa una shida anafanya nini. Hiyo mkebe nitanunua. Nitarudi Kinoo niandike kwa gate, kwa ukuta, kwa mlango. Kesho mkiwa kwa mnada nitakuwa nimekaa hapo nje na wamama wa kanisa tunaimba. Ununue hiyo nyumba hata bure. Uone kama mtu atapanga. Uone kama hutaenda korti mpaka uzeeke."

Ogutu alimtazama. Nadhani aliiona nyumba ya Kikuyu yote mbele yake, pamoja na mawakili wake.

"Bei ya asubuhi," alisema kwa uchovu. "Saini, madam, kabla huyu mama hajaanza kuimba."

Kanyiva alisaini. Wakili alisaini. Ogutu alisema pesa itakuwa benki asubuhi, kabla ya mnada kufunguliwa. Nyumba ya Kinoo ilikuwa imeuzwa, na shamba la Mbooni limepona.

Kanyiva alilia kwa furaha, akanyoosha mikono kumkumbatia mama.

Mama alirudi nyuma.

"Bado," alisema.

Ni wakati huo simu ya mama ililia ndani ya kiondo. Ilikuwa mulika mwizi ya vibonyezo, haijaona chaji tangu atoke nyumbani. Aliisikiliza, na uso wake ukabadilika. Hata aliyesimama mlangoni aliisikia sauti iliyotoka humo, ya Kivuva, mtoto wa dadake, aliyeachiwa kazi ya kulinda shamba.

"Auntie! Tumewashika! Wale matapeli wamerudi, na sasa wako na bango! Walikuwa wanachimba shimo karibu na kaburi! Kijiji yote iko hapa!"

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na kelele za watu wengi. Mtu mmoja alikuwa akiomba msamaha kwa Kiswahili cha Nairobi, akirudia kwamba ametumwa kazi. Mwingine alipiga yowe fupi, kisha akanyamaza.

"Kivuva, msiwapige!" mama alipaza sauti. "Msiwapige!"

"Lakini auntie, wewe si ndiye ulisema ni matapeli? Ulituambia wakirudi tuwashike!"

Mama aliitoa simu sikioni. Alimnyooshea Kanyiva.

"Waambie wewe. Mimi nikisema watafikiri nimetishwa."

Kanyiva aliipokea.

"Kivuva, ni mimi. Waachilie. Hao ni watu wa benki, wanafanya kazi yao. Shamba liliwekwa. Ni kweli liliwekwa."

"Ati nini?" Kivuva alisema. "Ngoja, nimeweka loud. Sema tena, watu wasikie."

Kelele zilipungua. Kanyiva aliwaona katika mawazo yake, kila mmoja, wazee waliochanga karo yake, wanawake waliopika kwenye harusi yake, wamesimama kwenye shamba la babake na majembe, wanasikiliza.

"Hawa si matapeli," alisema.

"Mama yako hawezi kuweka shamba," mzee mmoja alidakia. "Tunamjua."

"Hakuweka. Hakujua."

"Sasa kama hawa si matapeli," Kivuva aliuliza, na sauti yake haikuwa tena ya hasira, ilikuwa ya mtu anayeanza kuelewa, "na mama hakujua, tapeli ni nani?"

Kanyiva alimtazama mama. Mama alikuwa amesimama wima kando ya kaunta, vile alivyosimama siku ile mbele ya bodi. Ogutu alikuwa ametazama pembeni. Ajenti hakuwa hapo, wala Musili, wala mtu wa benki, wala serikali.

"Ni mimi," alisema. "Kivuva, ni mimi."

Zile kelele za nyuma zilikuwa zimekatika.

"Kivuva? Waachilieni hao watu. Mmenisikia? Kivuva!"

Aliitoa simu sikioni. Kioo kilikuwa cheusi. Alibonyeza, akabonyeza tena. Chaji ilikuwa imeisha.

"Walisikia?" alimuuliza mama.

Mama alishauweka mkebe wa rangi ndani ya kiondo na alikuwa anaelekea steji ya magari ya Mbooni, mbio, kama sikuwahi kuwaambia kwamba ni mwanamke wa makamo.

"Sijui," alisema bila kugeuka.